Gari Limelala, Betri Iko Macho



Baba yangu alipofariki, gari lake lilikaa uani miezi minne bila kuguswa. Ndivyo mambo yanavyokwenda kwetu: mwenye mali akiondoka, mali inasubiri. Kuna arobaini, kuna vikao vya ukoo, kuna kwenda mahakamani kuthibitisha msimamizi wa mirathi, na muda wote huo hakuna mtoto anayetaka kuonekana ameshika usukani wa gari la marehemu kabla kila mtu hajapata haki yake. Tukalifunika turubai. Kuku wakapata kivuli chini yake. Kila asubuhi Mama alipita, akainua upande mmoja wa turubai, akapangusa boneti kwa upindo wa khanga, kisha akaendelea na shughuli zake.

Siku mambo yalipokamilika, kaka yetu mkubwa alichukua ufunguo akaingia garini. Sisi wengine tulisimama barazani. Akazungusha ufunguo. Kimya. Stata haikutoa hata ule mlio wake wa tik-tik-tik, na kwenye dashibodi haikuwaka taa hata moja. Mama akageuka, akaingia ndani, na hakutoka tena mpaka adhuhuri.

Gari lile halikuwa bovu. Injini ilikuwa nzima, mafuta yalikuwemo, matairi yalikuwa yamepungua upepo kidogo tu. Kilichokufa ni betri, na hatukuiua kwa kuitumia. Tuliiua kwa kuiacha. Sisi tulidhani gari limepumzika, kumbe ndani yake mlikuwa na kitu kimoja ambacho hakikupumzika hata dakika moja: kilikuwa kikilisha wengine usiku na mchana, na chenyewe hakilishwi.

Najua nyumba nyingi zina gari la namna hiyo. Kuna la mtu aliyekwenda masomoni akamwachia mdogo wake ufunguo. Kuna la mstaafu anayetoka mara moja kwa mwezi, siku ya pensheni. Kuna lililotoka Japani, likakaa wiki kadhaa melini, likashushwa Dar es Salaam au Mombasa, halafu likasimama yadi juani mwenyewe akihangaikia ushuru. Na wewe unayenisikiliza ukiwa Muscat, unayerudi Unguja au Pemba kila kiangazi kuwaona wazee, gari lako unaliacha kwenye joto linalopita digrii 40, kisha unashangaa Agosti ukirudi na mabegi yako. Wote hawa shida yao ni moja, na dawa yake haina gharama kubwa. Tatizo ni kwamba dawa tuliyofundishwa wengi wetu si dawa.

Lakini kwanza nikukumbushe kwa nini zamani jambo hili halikutusumbua hivi.

Wazee wanaonisikiliza wanaikumbuka hendeli, ule mkono wa chuma uliochomekwa mbele ya gari, ukazungushwa kwa nguvu za kifua mpaka injini ishike. Mwaka 1912 huko Marekani, magari ya Cadillac yalianza kutoka na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na taratibu hendeli ikaanza kuondoka duniani. Huku kwetu ilichelewa kuondoka. Land Rover za zamani zilikuja nayo, na dereva wa shamba aliijua kama anavyojua jembe lake. Hendeli ilipoondoka, tulibaki na migongo ya vijana. Baba alikuwa na Peugeot 504 nilipokuwa mdogo. Betri ikigoma, watoto wa mtaa tuliitwa, tukalisukuma mpaka kwenye mteremko, Baba akatia gia ya pili akaachia klachi, gari likashika, likaondoka likitufukizia moshi nasi tukishangilia. Betri iliyokufa haikuwa msiba. Ilikuwa shughuli ya dakika kumi.

Gari lake la mwisho, hili la uani, ni Corolla ya otomatiki, kama yalivyo magari mengi tunayoagiza siku hizi. Gari la otomatiki hata msukume mtaa mzima haliwaki. Gia zake hazishiki injini namna hiyo. Kwa hiyo betri imekuwa ndiyo mlango pekee wa kuingilia. Ukifungika huo, umefungika.

Sasa nikupeleke Ngamiani, hapa Tanga, barabara ya kumi na mbili, kwa mzee mmoja ambaye amekuwa akichaji betri tangu mimi sijaota meno. Kibanda chake ni cha mabati, kina harufu kali ya asidi inayokukereketa kooni, na betri zimepangwa chini kwenye mbao zimeunganishwa kwa nyaya kama ng'ombe wa plau. Zamani, nyumba nyingi zilipokuwa hazina umeme, betri ya gari ndiyo iliyowasha runinga siku ya mpira, na foleni ya kuchaji kwa mzee huyu ilifika barabarani. Niliibeba betri ya Baba kwa bajaji nikampelekea.

Nikamwamkia. Akaitikia, akanipa pole ya msiba, maana yeye na Baba walijuana. Kisha akafungua vizibo sita vya betri, akachovya haidromita yake, lile bomba la kioo lenye mpira kichwani, akavuta maji ya chumba cha kwanza. Kile kielea cha ndani kikazama mpaka chini. Akajaribu cha pili, cha tatu, mpaka cha sita. Vyote vilikuwa hivyo hivyo.

"Mwanangu," akasema, "hii imelala na njaa muda mrefu."

Naomba nikueleze alichokiona, kwa sababu ukikielewa hicho, mengine yote yatajieleza yenyewe. Betri ya gari ni kitu cha zamani. Mfaransa Gaston Planté aliiunda mwaka 1859, na misingi yake haijabadilika: bamba za madini ya risasi zimezamishwa kwenye maji yenye asidi ya salfa. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila chumba kinatoa volti mbili na kidogo. Betri inapotoa umeme, asidi inaacha maji na kwenda kujishika kwenye bamba, inageuka kuwa salfeti ya risasi, kitu cheupe kama unga. Ndiyo maana kielea cha mzee kilizama: asidi ilikwisha toka majini, kilichobaki kilikuwa karibu na maji matupu. Ukiichaji, ule unga unayeyuka, asidi inarudi majini, na betri inakuwa mpya tena.

Lakini unga ule una subira fupi. Fikiria sufuria ya uji. Ukiiosha mara tu watu wakimaliza kunywa, uji unatoka kwa kupitisha kiganja. Ukiiacha mpaka kesho unahitaji kusugua. Ukiiacha mwezi mzima juani, hapo ni kisu, na hata kisu kinaweza kushindwa. Salfeti ikikaa kwenye bamba wiki na miezi bila betri kuchajiwa, inageuka kuwa vipande vigumu vya fuwele visivyoyeyuka tena kwa chaji. Kila kilipogandia kipande cha namna hiyo, sehemu hiyo ya bamba haifanyi kazi tena.

Mzee aliichaji betri ya Baba polepole siku mbili, kwa umeme mdogo, akitumaini. Niliporudi mita ilionyesha volti 12 na nusu, moyo ukaruka. Akaunganisha taa moja ya mbele ya gari. Ikawaka dakika chache, ikawa ya njano, ikawa nyekundu, ikazima. Volti zilikuwepo, lakini nyuma yake hapakuwa na kitu. Alinirudishia pesa yangu ya kuchaji, nikamkatalia, tukabishana, mwishowe akaichukua.

Sasa, ni nani aliyeila chaji ile wakati gari limezimwa na ufunguo uko kabatini?

Gari la leo likizimwa halilali lote. Saa inaendelea kutembea. Redio inakumbuka stesheni zako. Alamu inasikiliza kama kuna mtu anagusa mlango. Kompyuta ya injini ina kumbukumbu zake. Kufuli za milango zinasubiri rimoti. Ukiwa umefunga kifaa cha kufuatilia gari kwa simu, nacho kinazungumza na mtandao usiku kucha. Kila kimoja kinakula kidogo sana. Kwa pamoja, kwa gari lisilo na hitilafu, huwa ni miliampea 20 mpaka 50. Ni kitu kidogo mno, hata balbu ndogo ya gari haiwezi kuwaka kwa kiasi hicho.

Chukua kalamu tupige hesabu. Miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya NS60, ambayo Corolla nyingi zinaitumia, ina ampea-saa 45. Katika siku 19 nusu yake imekwenda. Kabla ya siku 40 hazijatimia imebaki tupu. Sisi tuliiacha miezi minne. Siku tulipofanya khitma ya arobaini, tukiwa tumekaa mkekani uani, betri ilikuwa imeshakata roho hatua chache kutoka tulipokaa, na hakuna aliyejua.

Ongeza joto. Betri hata ukiifungua ukaiweka kabatini inapoteza chaji yenyewe, na kasi ya kupoteza inakaribia kuongezeka maradufu kila joto linapopanda digrii kumi. Kwa hiyo aliyeko Njombe au Limuru ana nafasi ambayo sisi wa pwani hatuna, na aliyeko Muscat mwezi wa saba hana nafasi kabisa.

Ukiona betri inaisha upesi kuliko hesabu hii, kuna kitu kinakula kupita kiasi. Mara nyingi ni taa ya buti isiyozimika mlango ukifungwa. Utaijuaje, na mlango umefungwa? Washa kamera ya simu irekodi video, iweke ndani ya buti, funga, subiri kidogo, fungua, utazame. Nimewaonyesha watu wengi ujanja huu na wawili walimkuta mwizi wao palepale.

Nifike sasa kwenye jambo lililonileta hapa studioni.

Kuna ushauri mmoja ambao umeenea kuliko mwingine wowote: "Gari likikaa, liwashe dakika tano kila wiki ulizime, betri haitakufa." Mwenye gari anasafiri, anamwachia ufunguo shemeji au mlinzi wa geti, na maagizo ni hayo. Mlinzi ni mwaminifu, kila Jumapili anawasha, anahesabu dakika tano, anazima. Mwenye gari anarudi, betri imekufa, na mlinzi analaumiwa kuwa hakuwasha. Nimeona mtu akikatwa sehemu ya mshahara wake kwa kosa hilo ambalo hakulitenda. Liliniuma, na mpaka leo linaniuma.

Rudi kwenye hesabu yetu. Wiki moja, kwa ampea-saa 1.2 kila siku, ni ampea-saa 8 na kitu. Ukiwasha, stata nayo inavuta umeme mkubwa sana, ingawa kwa sekunde moja au mbili. Halafu injini inanguruma pale pale, taratibu. Oltaneta inayozunguka taratibu inatoa sehemu tu ya uwezo wake, na katika hiyo, plagi, pampu ya mafuta na feni ya rejeta vinachukua chao kwanza. Hata tukiwa wakarimu, tukasema betri inapokea ampea 15 mfululizo, dakika tano ni ampea-saa 1 na robo. Umetumia nane, umerudisha moja. Wiki ijayo hivyo hivyo. Mlinzi hakuwa na kosa. Hesabu ilikuwa imeshamshinda tangu siku ya kwanza.

Na injini nayo inaumia. Petroli ikiungua inazaa maji, nayo hutoka kama mvuke kwenye ekzosi. Injini ikizimwa kabla haijapata moto wa kutosha, maji hayo yanabaki kwenye bomba la moshi na kwenye oili. Ukifanya hivyo kila wiki kwa miezi mingi, ekzosi inaanza kuliwa na kutu kutoka ndani. Mwenye gereji iliyofungwa kuta nne namwonya pia: usiwashe gari humo milango ikiwa imefungwa hata dakika hizo tano. Moshi wa gari unaua watu kimya kimya.

Basi kama kuna mtu wa kumwachia gari, mwachie aliendeshe. Nusu saa mpaka saa nzima, barabara kuu, siyo kuzunguka uwanja wa nyumba, mara moja kwa wiki au angalau kila baada ya wiki mbili. Hilo linatosha kurudisha kilicholiwa, linakausha maji, na matairi hayakai yamelalia upande mmoja. Lakini betri iwe nzima tangu mwanzo. Iliyoshuka sana hairudi kwa safari moja, kwa sababu betri ikikaribia kujaa inapokea chaji polepole, saa kwa saa, na hakuna anayekwenda sokoni kwa saa nane. Hiyo inahitaji chaja na usiku mzima.

Kama hakuna wa kuliendesha, jambo la kufanya linahitaji spana moja, namba 10 kwa magari mengi ya Kijapani. Ijaze betri kwanza, kwa safari ndefu au kwa mzee wa kuchaji. Hili la kwanza ndilo watu wanaloruka, wanafungua waya betri ikiwa nusu na kuiacha na njaa nusu. Kisha fungua waya wa hasi, ule mweusi wenye alama ya kutoa. Anza na huo, na siku ya kurudisha umalizie na huo. Bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi; ukianza na chanya na spana yako ikagusa chuma chochote pembeni, cheche zake hutazisahau. Vua pete na saa. Pete ya ndoa ikiunganisha chanya na chuma inaiva mara moja kidoleni, na dhahabu inapitisha umeme vizuri sana.

Waya ukishatoka, ile midomo yote midogo iliyokuwa ikila chaji imefungwa. Betri nzima, iliyojaa, iliyofunguliwa waya, inaweza kukaa miezi miwili mitatu kwa joto letu na bado ikawasha gari. Utapoteza stesheni za redio na saa, na magari mengine yanasumbua kidogo injini ikinguruma pale pale siku ya kwanza mpaka kompyuta ijifunze upya. Alamu itakuwa imekufa, kwa hiyo gari liwe ndani ya geti. Na rimoti haitafanya kazi, basi hakikisha ufunguo wa kawaida unazunguka kwenye tundu la mlango kabla hujafunga. Ufunguo usiuache ndani.

Kwa atakayekaa zaidi ya hapo, kuna chaja ndogo zinazojikata zenyewe betri ikijaa, halafu zinaishikilia palepale, volti 13 na nusu hivi, bila kuichemsha. Usizichanganye na chaja kubwa za kibandani ambazo hazijui kuacha. Hizo zinahitaji mtu wa kuzilinda, la sivyo zinachemsha maji mpaka bamba zinakauka. Na unapochaji betri popote, pawe na hewa, pasiwe na sigara wala kibatari. Betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, na haidrojeni inalipuka.

Umeme wako ni wa kukatikakatika? Tuna jua. Paneli ndogo ya wati 10, ikipata saa tano za jua zuri, inatoa wati-saa 50 kwa siku. Midomo ile midogo inakula kama 15. Hata ukitoa kinachopotea njiani, unabaki na ziada. Pitisha kwenye kidhibiti chaji, kile kile kinachouzwa na sola za nyumbani, ili isizidishe mchana wala isivujishe usiku. Unganisha moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Ukichomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara, magari mengi tundu hilo linakufa ufunguo ukitoka, na paneli yako itakuwa inajichaji yenyewe.

Wenye Aqua na Prius nao wasijidanganye. Betri kubwa ya kuendeshea gari haiwashi gari. Kuna betri ndogo ya volti 12, mara nyingi imejificha nyuma, na ndiyo inayoamsha kompyuta zote. Ikifa hiyo, kubwa inabaki imejaa na haina wa kuifungulia.

Usikisie, pima. Mita ndogo ya umeme inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme kila mji. Gari likiwa limekaa saa kadhaa, pima: volti 12.6 au zaidi, imeshiba. 12.4, imebaki robo tatu, ichaji. 12.2, nusu, na ule unga umeshaanza kugangamaa. Ukiona 12 kamili usifurahi kwa kuwa imeandikwa 12 kwenye betri; hiyo karibu ni tupu.

Maji nayo. Betri yenye vizibo huongezwa maji yaliyotoneshwa, yale ya dukani yasiyo na asidi, mpaka bamba zifunikwe. Maji ya bomba yana chumvi na klorini, ya kisima cha pwani ndiyo usiseme. Kuna mafundi wanaomwaga asidi ya zamani na kutia mpya wakisema wanairudishia betri moto. Asidi haikuwa imepotea. Ilikuwa imekwama kwenye bamba. Ukitia nyingine, mita inapanda, mwenye gari anafurahi wiki moja, na bamba zinaliwa upesi zaidi. Vilevile wanaotumbukiza aspirini wanatengeneza siki ndani ya betri, na siki inakula risasi.

Kuhusu kuweka betri kwenye sakafu ya sementi, wengi mmeonywa isiwekwe, itanyonywa. Wazee hawakusema uongo. Betri za zamani zilikuwa na maboksi ya mbao au ya mpira, unyevu ulipenya. Za leo ni za plastiki, sakafu haiziwezi. Kinachonyonya ni uchafu wa juu, vumbi lililochanganyika na ukungu wa asidi na hewa ya chumvi, ambao unakuwa kama waya kati ya chanya na hasi. Ifute kwa kitambaa chenye maji ya magadi, kausha, paka vichwa vyake mafuta ya mgando.

Msikilizaji, labda unajiuliza kwa nini nalivalia njuga hivi jambo la betri, wakati pesa ya betri mpya mtu anaweza kuikopa.

Betri ya Baba ilipokufa, tuliiuza kwa kilo. Alikuja kijana na mkokoteni, akaipima, akaondoka nayo. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na risasi haiozi. Inayeyushwa mahali fulani, na mahali hapo pana watu.

Mombasa wanajua. Katika mtaa wa Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kimegusana kabisa na nyumba za watu. Moshi uliingia madirishani, maji machafu yalipita vichochoroni. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu ya mtoto. Akaanza kuwapimisha wengine. Akakamatwa, akatishwa, hakunyamaza. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3; uamuzi ukapinduliwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Risasi ikishaingia kwa mtoto inaathiri ubongo wake, na hakuna shilingi inayorudisha kilichoharibika hapo.

Betri zinakufa, hata zilizotunzwa. Lakini iliyotakiwa kuishi miaka minne ikafa kwa mwaka mmoja kwa sababu tu iliachwa uani na waya wake, hiyo ni risasi iliyopelekwa kwenye tanuri kabla ya siku yake. Ile yetu ilikuwa na mwaka na miezi miwili. Najua, kwa sababu Baba alikuwa na desturi ya kubandika plasta nyeupe ubavuni mwa kila betri na kuandika tarehe aliyoinunua. Nilipokuwa nayo kwenye bajaji nilisoma mwandiko wake njia nzima mpaka Ngamiani.

Betri mpya tuliinunua kwa kuchangishana. Mama alitafuta plasta kwenye kabati la dawa, akaniletea na kalamu, nikaandika tarehe. Sasa tunaliendesha kwa zamu, na kesho ni zamu ya dada yetu. Analitoa gari asubuhi mpaka Muheza na kurudi, zaidi ya saa nzima barabarani, na Mama amesema anakwenda naye, akanunue machungwa.